Mkanda na Bereti: Kuchagua Mchezo wa Mapigano Evere

Evere, mojawapo ya manispaa 19 zinazounda Mkoa wa Brussels, ni mahali ambapo jeshi na makazi ya raia yamepakana kwa muda mrefu kiasi kwamba wakazi wengi hawaoni tena ajabu ya ujirani huo. Makao makuu ya ulinzi ya Ubelgiji yako hapo, katika kambi iliyopewa jina la Malkia Elisabeth. Mpakani mwa Evere na Haren, kando ya barabara ya Léopold III, yapo makao makuu ya Jumuiya ya Kujihami ya Atlantiki ya Kaskazini, yaani NATO, iliyohamia Brussels mwaka 1967 baada ya Ufaransa kujitoa katika kamandi yake ya pamoja. Hospitali ya kijeshi ya Malkia Astrid nayo iko Neder-Over-Heembeek, si mbali na hapo, na huko ndiko wanakopimwa vijana wanaoomba kuingia jeshini. Upande huohuo wa jiji wanaishi watu wenye asili ya Kongo, Burundi na Rwanda, wakiwamo wanaozungumza Kiswahili cha Kivu au cha Katanga nyumbani, na ambao watoto wao, waliozaliwa au kukulia Ubelgiji, huuliza swali ambalo vijana wa mataifa yote huuliza: ni mchezo upi wa mapigano unaofaa kwa mtu anayetaka kujilinda njiani na pia kujiandaa kuvaa sare?

Swali hilo limepata uzito mpya. Ubelgiji iliamua mwaka 1992 kusitisha utumishi wa lazima wa jeshi, na askari wa mwisho wa mfumo huo waliondoka kambini mwaka 1995, hivyo kizazi kizima kimekua bila kufikiria jeshi isipokuwa kama ajira. Mnamo Novemba 2025, Wizara ya Ulinzi chini ya waziri Theo Francken iliwaandikia barua vijana wenye umri wa miaka 17, ikiwaalika kufikiria utumishi wa hiari wa mwaka mmoja ambao ulipangwa kuanza Septemba 2026 kwa nafasi 500, kwa malipo ya takriban euro 2,000 kwa mwezi. Barua hizo ziliingia pia katika nyumba ambamo wazazi walikimbia vita na wanalikumbuka jeshi kwa namna tofauti kabisa na ile ya picha za matangazo, na hapana shaka kwamba mazungumzo yaliyofuata mezani hayakuwa mepesi.

Kabla ya kutaja jina la mchezo wowote, inafaa kutambua kwamba swali la kijana huyo limebeba mahitaji mawili yanayofanana kwa sura na kutofautiana kwa kiini. Raia anayejihami njiani anatafuta kuondoka salama, na sheria inampima kwa kipimo hicho. Kanuni ya Adhabu ya Ubelgiji ya mwaka 1867, katika kifungu cha 416, iliweka msingi kwamba kupiga au kujeruhi hakuhesabiwi kuwa kosa pale kunapolazimishwa na haja ya papo hapo ya kujilinda au kumlinda mwingine. Mahakama zimeufasiri msingi huo kuwa na masharti mawili makubwa: hatari iwe ipo wakati uleule, na nguvu inayotumika iwe na uwiano na hatari yenyewe. Anayempiga mateke mtu aliyekwisha kuanguka amekwisha kutoka nje ya ulinzi huo, hata kama aliyeanguka ndiye aliyeanza ugomvi. Sheria ya silaha ya tarehe 8 Juni 2006, kwa upande wake, imeweka katika orodha ya silaha zilizopigwa marufuku vitu ambavyo baadhi ya shule za mapigano huvitumia ukumbini, kama vile nunchaku, yaani vijiti viwili vilivyounganishwa kwa mnyororo, na nyota za chuma za kurusha. Hata kopo la dawa ya kupulizia machoni, ambalo katika nchi nyingine huuzwa dukani, Ubelgiji haliruhusiwi mikononi mwa raia.

Askari yuko katika hali nyingine. Anafanya kazi ndani ya kundi, akiwa na silaha na amri, na akipigana kwa mikono mitupu maana yake ni kwamba mambo kadhaa yamekwisha kuharibika kabla ya hapo. Mwongozo wa mapigano ya ana kwa ana uliojengwa katika jeshi la Marekani kuanzia mwaka 1995, kazi iliyohusishwa zaidi na Matt Larsen wa vikosi vya Ranger, haukuficha jambo hilo: ulifundisha kwamba mshindi wa pambano la namna hiyo ni yule ambaye mwenzake mwenye bunduki atafika kwanza. Kwa mafundisho hayo, askari anahitaji uwezo wa kumzuia adui asimnyang'anye silaha, wa kumdhibiti mtu bila kumuua, na zaidi ya yote uwezo wa kustahimili sekunde chache za vurugu bila akili kuganda.

Mahitaji haya mawili yanakutana mahali pamoja, nako ni katika namna ya kufanya mazoezi. Hapo ndipo historia ya Kano Jigoro inapostahili kusomwa kwa makini zaidi kuliko inavyosomwa na wale wanaoitaja kama utangulizi tu wa somo la judo. Kano alizaliwa mwaka 1860, akasomea shule mbili za kale za jujutsu, yaani mapigano ya kukamatana yaliyorithiwa kutoka kwa tabaka la wapiganaji wa Japani, na mwaka 1882, akiwa bado kijana wa miaka 21, akafungua ukumbi wake katika hekalu la Eishoji mjini Tokyo, akauita Kodokan. Shule za zamani zilikuwa na mbinu nyingi za kutisha, zikiwamo za kuchoma macho kwa vidole, kuvunja viungo vidogo na kupiga sehemu dhaifu za mwili, na kwa sababu ya ukali wa mbinu hizo wanafunzi hawakuweza kuzifanyia mazoezi kwa nguvu zao zote. Walizirudia kwa mfuatano uliopangwa, mmoja akishambulia kama alivyoagizwa na mwingine akijibu kama alivyofundishwa, utaratibu unaoitwa kata.

Kano hakuifuta kata, lakini uzito wa mafunzo aliuhamishia kwenye randori, yaani mazoezi huru ambamo wawili hushikana kwa nguvu na kila mmoja hujaribu kumbwaga mwenzake asiyekubali kubwagwa. Ili jambo hilo liwezekane kila siku bila watu kuvunjika, aliziondoa katika mazoezi hayo mbinu za hatari zaidi, akabakiza kubwaga, kubana chini, kukaba na kutegua viungo, na akaanza kwa kufundisha namna ya kuanguka. Matokeo yake yaliwashangaza walimu wa zamani. Shule iliyopunguza mbinu za kuua ilitoa wapiganaji waliowashinda wale waliokuwa nazo, kwa sababu mwanafunzi wa Kodokan alikuwa amekwisha kupambana mamia ya mara na mtu halisi mwenye nia ya kumshinda, ilhali mpinzani wake alikuwa na hazina kubwa ya mbinu ambazo hakuwahi kumtendea mtu yeyote. Asemaye kwamba sanaa yake ni hatari mno kufanyiwa mashindano anatoa, bila kukusudia, sababu ya kuitilia shaka.

Kipimo hicho cha Kano ndicho kinachopasa kutangulia jina la mchezo. Swali la kwanza la kijana wa Evere anapoingia ukumbini liwe kama kuna saa ambayo wanafunzi hupambana na mpinzani asiyewaachia, kwa kanuni za usalama, kila wiki. Ngumi zina saa hiyo. Mieleka inayo, na jujutsu ya Kibrazili, tawi lililokua kutokana na mafundisho ya Maeda Mitsuyo, mwanafunzi wa Kodokan aliyehamia Brazili, limejengwa juu yake. Karate na taekwondo hutofautiana sana kati ya ukumbi na ukumbi: upo ambamo mapambano ni halisi, na upo ambamo mwanafunzi hupata mkanda mweusi bila kuwahi kupigwa sawasawa. Krav maga, mfumo uliotokana na Imi Lichtenfeld, bondia na mwanamieleka aliyekulia Bratislava, aliyepigana mitaani na makundi ya kifashisti katika miaka ya 1930 na baadaye akawafundisha askari wa Israeli, hutangazwa zaidi ya mifumo yote kuwa ni ya kijeshi, na kwa sababu hiyohiyo ndio unaohitaji kuchunguzwa zaidi. Muasisi wake alileta ndani yake uzoefu wa miaka mingi ya ulingoni. Kozi ya mwisho wa juma haiwezi kumpa mwanafunzi uzoefu huo, na mwanafunzi anayetoka humo akidhani anaweza kumnyang'anya mtu kisu amewekwa katika hatari kubwa kuliko aliyoingia nayo.

Hata hivyo ipo hoja ya upande wa pili, nayo ina historia yake ndani ya jeshi la Ubelgiji lenyewe. William Ewart Fairbairn, Mwingereza aliyejiunga na polisi wa Shanghai mwaka 1907 na kujifunza jujutsu na judo huko, aliona kwamba askari polisi wa kawaida hana miaka ya kwenda ukumbini. Alichagua mapigo machache, makubwa na rahisi, ambayo mwili unaweza kuyakumbuka hata hofu inapovifanya vidole kuwa vizito, akayachapisha mwaka 1925 kwa jina la Defendu, na Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza akarudi Uingereza kufundisha vikosi maalumu pamoja na Eric Sykes, ambaye jina lake limeungana na la Fairbairn katika jambia la makomando. Wabelgiji waliokimbilia Uingereza baada ya nchi yao kutekwa mwaka 1940 waliunda kombania yao ndani ya Komando Nambari 10, chini ya Georges Danloy, wakapitia kambi ya mafunzo ya Achnacarry katika milima ya Uskoti, ambako mbinu za namna hiyo zilikuwa sehemu ya somo. Kutoka kombania hiyo na kikosi cha miavuli cha Wabelgiji kilichokuwa chini ya Eddy Blondeel vilizaliwa vikosi vya Para-Komando vya baada ya vita, na jambia likabaki katika nembo ya Batalioni ya 2 ya Komando. Msomaji wa Kisangani anavifahamu vikosi hivyo kwa njia nyingine, kwani ndivyo vilivyoshuka kwa miavuli katika mji wake, uliokuwa ukiitwa Stanleyville, tarehe 24 Novemba 1964.

Fairbairn na Kano hawapingani kama inavyodhaniwa. Fairbairn aliweza kuchagua mapigo machache yanayofaa kwa sababu alikuwa amekwisha kupigana mitaani na kukamatana ukumbini kwa miaka mingi. Alichowapa makuruta kilikuwa muhtasari wa kazi ndefu, unaofaa kwa mtu anayepelekwa vitani baada ya wiki chache. Kijana ambaye bado ana miaka miwili kabla ya kuomba kazi ya jeshi hana haja ya muhtasari huo, ambao jeshi litampa lenyewe, kwa mtindo wake na kwa silaha zake. Anachoweza kwenda nacho ni kile ambacho kambi haina muda wa kukijenga: usawa wa mwili, pumzi na mazoea ya kukabwa na kubwagwa bila kuingiwa na kiwewe.

Mipaka ya yote haya ilionekana Kigali tarehe 7 Aprili 1994, siku ambayo askari kumi wa Batalioni ya 2 ya Komando, chini ya Luteni Thierry Lotin, waliotumwa na jeshi la Umoja wa Mataifa kumlinda Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, walinyang'anywa silaha, wakapelekwa katika kambi ya jeshi ya Kigali na kuuawa humo na askari wa Rwanda. Walikuwa miongoni mwa watu waliofunzwa vizuri zaidi katika jeshi la nchi yao, na waliokuwa bado hai baada ya shambulio la kwanza walijitetea ndani ya jengo dogo kadiri walivyoweza. Tume ya Seneti ya Ubelgiji iliyochunguza msiba huo na kutoa ripoti mwaka 1997 ilijishughulisha na mamlaka ya ujumbe huo, vifaa, taarifa za kijasusi na mlolongo wa amri. Mapigano ya mikono hayakuwa suala, kwa sababu dhidi ya umati wenye silaha hakuna mkanda unaosaidia. Makumbusho yao, nguzo kumi za mawe zilizosimama katika kambi hiyo ya zamani, yako katika mji ambao baadhi ya wazazi wa vijana wa Brussels walitokea, na wazazi hao wanajua zaidi ya mwalimu yeyote wa karate ni wapi ujuzi wa mwili unapokoma.

Tukio dogo zaidi la mjini Brussels linafundisha jambo la karibu na hilo. Kuanzia Januari 2015 hadi mwanzoni mwa Septemba 2021 askari wa Ubelgiji walipiga doria mitaani katika operesheni ya kuzuia ugaidi, na jioni ya tarehe 25 Agosti 2017, katika barabara ya Emile Jacqmain, mtu mmoja aliwavamia askari wa doria kwa kisu. Mshambuliaji alipigwa risasi na kufa, na askari walipata majeraha madogo. Kisu cha ghafla kutoka karibu kinampunguzia mwenye bunduki faida yake kwa muda mfupi, na katika muda huo kinachohitajika ni kupisha mwili, kusukuma na kupata nafasi; kwa raia asiye na bunduki, hatua ya tatu ni kukimbia. Ukumbi unaomfundisha mwanafunzi kumkabili mwenye kisu kwa mapozi ya sinema bila kumfundisha kukimbia una kasoro ya msingi.

Kwa mkazi wa Evere, hesabu ya mambo haya yote inaelekea kwenye judo kuliko mchezo mwingine wowote, ijapokuwa sababu zake si za heshima ya jina. Ubelgiji ni nchi ya judo kwa namna ambayo wageni hawaitarajii: Robert Van de Walle alitwaa dhahabu ya Olimpiki Moscow mwaka 1980, Ulla Werbrouck akafanya hivyo Atlanta mwaka 1996, na Matthias Casse akawa bingwa wa dunia mwaka 2021. Nyuma ya medali hizo kuna mtandao wa klabu za mitaa zinazoendeshwa na wazazi na walimu wa kujitolea, ambazo ada yake kwa kawaida ni nafuu kuliko ya kumbi za kibiashara, na mashirika ya bima ya afya, yale yanayoitwa mityueli na Wakongo wa Brussels, hurudisha sehemu ya ada ya michezo kwa wanachama wao. Zaidi ya hayo, judo inafundisha kumdhibiti mtu bila kumpiga usoni, jambo ambalo polisi, askari wa doria na hakimu wote wanalitazama kwa jicho zuri. Kasoro yake ni kwamba mcheza judo asiyewahi kupigwa ngumi hupumbazwa na ngumi ya kwanza, na kwa hiyo miezi kadhaa ya ngumi, bila tamaa ya kupanda ulingoni na bila kupigwa kichwani kila wiki, ni nyongeza yenye maana. Anayependa mateke naye hakosi mfano wa karibu, kwani Sarah Chaâri alikuwa bingwa wa dunia wa taekwondo mwaka 2022 na akapata shaba ya Olimpiki Paris mwaka 2024. Mchezo unaopendwa na kufanywa kwa miaka mitatu unamfaa mtu kuliko mchezo bora ulioachwa baada ya miezi mitatu.

Popole Misenga, mzaliwa wa Bukavu, ni mfano ambao wasomaji wa Kivu wana haki ya kuusikia. Vita vilimtenganisha na familia yake akiwa mtoto, akapatikana msituni baada ya siku kadhaa, akapelekwa Kinshasa na kujifunza judo katika makao ya watoto. Mwaka 2013, alipokwenda Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia, aliomba hifadhi huko Brazili, na mwaka 2016, katika mji huohuo, akiwa katika timu ya kwanza ya wakimbizi katika historia ya Olimpiki, alimshinda Avtar Singh wa India kabla ya kushindwa na Gwak Dong-han wa Korea Kusini. Judo haikumkinga na vita, wala hakuna anayedai hivyo. Ilimpa mwalimu, ratiba na watu wa kuanguka nao, na kwa kijana aliyehamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine, vitu hivyo vitatu vina thamani ambayo haipimwi kwa uwezo wa kumbwaga mtu.

Linalobaki ni jeshi lenyewe, ambalo katika kumchuja mwombaji halimpi nafasi kwa sababu ya mkanda wake. Linadai kwanza uraia, ama wa Ubelgiji ama wa nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya, kisha afya, uwezo wa mwili na majaribio ya akili na tabia. Kijana aliyevunjwa goti katika mashindano ya mkoa mwezi mmoja kabla ya vipimo vya Neder-Over-Heembeek amejiandaa vibaya kuliko yule aliyekuwa akikimbia tu katika bustani ya Josaphat, na hili ni jambo ambalo walimu wa mapigano hawapendi kulisema wazi. Kukimbia, kuogelea, kutembea mwendo mrefu na mzigo mgongoni na kulala mapema vina nafasi kubwa zaidi katika wiki za ukuruta kuliko mbinu yoyote ya kukaba.

Lugha nayo ina nafasi yake. Sheria ya tarehe 30 Julai 1938 inayosimamia matumizi ya lugha jeshini inamtaka kila askari afunzwe kwa Kifaransa au kwa Kiholanzi, na anayetamani kuwa afisa athibitishe kwamba anaijua lugha ya pili pia. Judo ya Ubelgiji imegawanyika kwa mstari huohuo, shirikisho moja likiwa la wasemao Kifaransa na jingine la Waflandri, na Brussels, ikiwa ni ya wote wawili, ina klabu za pande zote. Kijana wa Evere anayezungumza Kiswahili na mama yake na Kifaransa shuleni anaweza, kwa ada ileile na jioni zilezile mbili za wiki, kujiandikisha katika klabu ya Waflandri ambamo amri ya kuanza na ya kuacha hutolewa kwa Kijapani na maelezo mengine yote kwa Kiholanzi.